Coppi: Mkongwe aliyegoma kutundika baiskeli

KILA dirisha la usajili linapokaribia, vijiweni huwa hakukosekani ubishi wa aina moja. Kuna mkongwe aliyewahi kuibeba timu mgongoni, sasa magoti yanalalamika, na klabu inajiuliza imuongeze mkataba wa mwaka mmoja au imuage kwa heshima. Wapo wanaosema bado yumo, wapo wanaosema amekwisha.

Italia nzima iliwahi kubishana hivyo kwa miaka sita, na mtu mwenyewe hakuwa mchezaji wa mpira. Alikuwa mwendesha baiskeli, Fausto Coppi, mshindi mara tano wa Giro d'Italia na mara mbili wa Tour de France. Alipofariki Januari 2, 1960, akiwa na miaka 40, alikuwa ameshakubali kujiunga na timu mpya kwa msimu mwingine.

Miguu ilikuwa imeshamwambia ukweli zamani. Lakini kilichomuua hakikuwa baiskeli wala uzee. Kilikuwa kitu ambacho msomaji wa Tanzania anakijua kuliko daktari yeyote wa Italia wa wakati ule.

KIJANA WA BUCHA

Coppi alizaliwa Septemba 15, 1919 katika kijiji cha Castellania, kwenye vilima vya Piedmont, kaskazini magharibi mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida. Utotoni afya yake haikuwa nzuri, na shule haikumvutia. Akiwa na miaka 13 aliacha masomo akaenda kufanya kazi kwenye bucha katika mji wa Novi Ligure, akawa anawapelekea wateja nyama kwa baiskeli.

Huko ndiko alikokutana na Biagio Cavanna, mchuaji misuli aliyekuwa kipofu. Cavanna hakuweza kumuona kijana akikanyaga pedeli, lakini vidole vyake viliisoma misuli kama wengine wanavyosoma gazeti. Akamchukua, akawa anampangia mazoezi, chakula na usingizi.

Kwa macho tu usingempa Coppi nafasi. Alikuwa na miguu mirefu na myembamba, kifua kimetokeza mbele, akitembea unaweza kudhani atajikwaa. Akipanda baiskeli ilikuwa habari nyingine kabisa.

Mwaka 1940 alisajiliwa na timu ya Legnano kama msaidizi wa Gino Bartali, nyota mkubwa wa Italia wakati huo. Kwa asiyeujua mchezo huu, Giro ni mbio za wiki tatu kuizunguka Italia. Kila siku kuna hatua yake, muda unajumlishwa, na mwenye muda mdogo kuliko wote anavaa jezi ya pinki. Kazi ya msaidizi ni kumkinga nahodha na upepo, kumletea maji, na hata kumpa gurudumu lake nahodha akipata pancha.

Siku ya pili tu, mbwa aliingia barabarani, Bartali akaanguka na kuumia. Nahodha akawa anachechemea, na kijana wa kubeba maji akapata mwanya. Katika hatua ya kwenda Modena, kwenye milima ya Apennine, Coppi aliwaacha wote na kuivaa jezi ya pinki. Hakuivua tena. Alitwaa Giro akiwa na miaka 20, na mpaka leo hajatokea bingwa mdogo kuliko yeye katika mbio hizo.

Mbio ziliisha Juni 9, 1940. Siku iliyofuata Italia ikaingia kwenye Vita Kuu ya Pili.

Vita ilimla miaka mitano ambayo mwanamichezo huwa kwenye ubora wake. Novemba 1942, kwenye uwanja wa Vigorelli jijini Milan, alipata nafasi ya kuvunja rekodi ya dunia ya kuendesha kwa saa moja, akikata zaidi ya kilomita 45. Miezi michache baadaye alipelekwa jeshini Tunisia, na Aprili 1943 akatekwa na Waingereza. Alirudi kwenye mashindano mwaka 1945, akiwa amekaa kambini kama mfungwa wa vita.

WATANI WA JADI

Hapa ndipo ulipoanza ushindani ambao shabiki wa Simba na Yanga hahitaji kuelezwa sana. Nusu ya Italia ilikuwa ya Bartali, nusu ya Coppi. Bartali alikuwa mcha Mungu wa kupindukia, kipenzi cha watu wa kanisani. Coppi alikuwa mkimya, anahesabu kila kitu, kuanzia chakula mpaka uzito wa baiskeli. Familia zilikaa meza moja zikagawanyika.

Mwaka 1946 Bartali alitwaa Giro kwa tofauti ya sekunde 47 tu mbele ya Coppi. Mwaka uliofuata Coppi akajibu. Mwaka 1948 Bartali akaenda Ufaransa na kushinda Tour de France, miaka kumi kamili baada ya kuishinda mara ya kwanza mwaka 1938. Alitimiza miaka 34 mbio zikiwa bado zinaendelea.

Ushindi huo ulikuja kuwapotosha wengi baadaye. Kila mkongwe aliyeanza kuachwa mlimani alimtazama Bartali wa 1948 na kujiambia kwamba inawezekana. Walisahau kwamba jambo hilo liliwashangaza watu kwa sababu halikuwa la kawaida.

Mwaka 1949 ulikuwa wa Coppi. Katika hatua ya Giro kutoka Cuneo kwenda Pinerolo, aliondoka peke yake zikiwa zimebaki kilomita 192 na milima mitano kati yake na utepe. Ni kama umbali wa Dar es Salaam hadi Morogoro, halafu uwekewe milima ya Alps njiani. Bartali alimaliza wa pili karibu dakika 12 nyuma. Coppi alichukua Giro, kisha mwezi uliofuata akachukua Tour. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kushinda zote mbili mwaka mmoja.

Juni 1951 alipata pigo ambalo hakulizoea hadi anakufa. Mdogo wake Serse, ambaye naye alikuwa mwendesha baiskeli, alianguka gurudumu liliponasa kwenye reli ya tramu jijini Turin. Aliinuka akamaliza mbio, watu wakadhani ni michubuko tu. Jioni ile ile alifariki kwa kuvuja damu kichwani. Siku chache baadaye Fausto alikuwa kwenye Tour, mwili upo akili haipo, akamaliza wa kumi.

Mwaka 1952 alirudi na kuzoa tena Giro na Tour. Ufaransa aliwaacha wenzake mbali kiasi kwamba waandaaji walilazimika kuongeza zawadi ya mshindi wa pili ili watu waendelee kushindana. Stan Ockers wa Ubelgiji, aliyeshika nafasi hiyo, alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 28.

PALE ALIPOWEZA KUSIMAMA

Giro ya 1953 ilikuwa kama inaelekea Uswisi. Hugo Koblet, kijana mtanashati aliyekuwa bingwa wa mwaka 1950, aliongoza kwa karibu dakika mbili, na zilibaki siku mbili tu. Lakini siku moja kabla ya mwisho waandaaji walikuwa wameweka mlima Stelvio, wenye urefu wa zaidi ya mita 2,700, ambao Giro haikuwahi kuupanda. Coppi alishambulia kwenye kona za theluji, akamwacha Koblet, akatwaa taji la tano.

Agosti mwaka huo huo, mjini Lugano, akawa bingwa wa dunia wa mbio za barabarani. Aliyemfuata alifika zaidi ya dakika sita baadaye.

Wiki mbili baadaye alitimiza miaka 34. Alikuwa na kila taji kubwa alilolitaka. Kama angetundika baiskeli jioni ile, hadithi yake ingekuwa kama ya nahodha anayenyanyua kombe kisha anaaga uwanja ukiwa umesimama. Hakuaga. Hakushinda tena mbio yoyote ya wiki tatu.

Kwa nini? Jibu lipo kwenye aina yenyewe ya mashindano. Straika wa miaka 35 anaweza kukaa nje wiki nzima, akaingia dakika ya 70 kwenye dabi, akafunga. Mechi moja uzoefu unaibeba. Mbio za wiki tatu hazina benchi. Unapanda milima leo, unalala, kesho unapanda mingine, na hivyo hivyo siku ishirini na zaidi. Nguvu ya siku moja huwa inachelewa kuisha kwa mkongwe. Kinachoanza kuisha ni uwezo wa kuamka mzima asubuhi ya pili, ya tano, ya kumi na tano.

Coppi alionyesha hilo waziwazi. Mwaka 1954 alimaliza Giro akiwa wa nne, lakini vuli hiyo hiyo akashinda mbio za siku moja za Lombardia, kwa mara ya tano. Mwaka 1955 alikuwa bingwa wa taifa wa Italia. Kwa siku moja bado yumo. Kwa wiki tatu, kila mwaka kuna kitu kilipungua.

Na mwili haukuwa mzigo wake pekee. Ndoa yake ilikuwa imevunjika na alikuwa akiishi na Giulia, mwanamke aliyekuwa mke wa mtu. Italia ya wakati ule haikuruhusu talaka, na uzinzi ulikuwa kosa la jinai. Walishtakiwa, wakahukumiwa kifungo cha nje, na hati yake ya kusafiria ikazuiliwa kwa muda. Mtoto wao wa kiume alizaliwa Argentina ili apate jina la baba yake. Watu waliokuwa wakimshangilia mlimani wakaanza kumzomea.

SEKUNDE 13

Karata ya mwisho ya kweli ilikuwa Giro ya 1955. Zikiwa zimebaki siku mbili, kijana Gastone Nencini alikuwa na jezi ya pinki. Katika hatua ya kwenda San Pellegrino alipata pancha kwenye barabara mbovu, na wakongwe wawili, Coppi na Fiorenzo Magni, wakaona mwanya. Walitoroka pamoja na kumwacha kabisa. Coppi alishinda hatua, Magni akachukua jezi.

Mahesabu ya mwisho yalionyesha Coppi amelikosa taji la sita kwa sekunde 13, baada ya zaidi ya kilomita 3,800. Sekunde 13 ni muda wa kipa kupanga mpira na kupiga goal kick. Kwa mashabiki wake ilikuwa ushahidi kwamba mzee bado yupo. Kwa aliyetazama vizuri, ilikuwa ushahidi wa kitu kingine: Coppi wa 1952 asingefika siku ya mwisho akihesabu sekunde.

Baada ya hapo ngazi zote zilikuwa za kushuka. Juni 1956 kijana wa Kifaransa, Jacques Anquetil, aliivunja rekodi yake ya saa moja kwenye uwanja ule ule wa Vigorelli. Kwenye Giro ya mwaka huo Coppi alianguka na kujitoa. Oktoba alikaribia kushinda Lombardia kwa mara ya sita, akakamatwa karibu na Milan, na kwenye mita za mwisho Mfaransa André Darrigade akampita. Coppi, miaka 37, alilia mbele za watu.

Mwaka 1957 alivunjika mfupa wa paja huko Sardinia. Alipona, na mwishoni mwa mwaka akashinda mbio za watu wawili za Trofeo Baracchi akiwa na kijana Ercole Baldini, ambaye ndiye aliyekuwa injini. Giro iliyofuata, 1958, Baldini alikuwa bingwa. Coppi alikuwa wa 32. Mwaka 1959 alikwenda Hispania kushiriki Vuelta, hakumaliza.

Kama ni mchambuzi wa leo, angesema mkongwe huyu amebakiwa na jina tu. Na ni kweli, lakini jina lenyewe lilikuwa bado linauza tiketi. Waandaaji wa mbio ndogo ndogo za mitaani na za uwanjani walimlipa ili aonekane tu kwenye mstari wa kuanzia. Wakati huo hakukuwa na sheria ya kupima dawa, na Coppi mwenyewe hakuwahi kuficha kwamba alitumia vidonge vya kuchangamsha mwili. Alikuwa akiendesha tangu akiwa na miaka 13. Cavanna alimpangia kila kitu isipokuwa siku ya kuacha.

BOSI MPYA, MTANI WA ZAMANI

Mwishoni mwa mwaka 1959 ikatoka habari ambayo kwa lugha ya mpira ni kama nahodha wa zamani wa Yanga kwenda kumalizia soka kwenye timu inayofundishwa na nahodha wa zamani wa Simba. Coppi angeendesha msimu wa 1960 na timu ya San Pellegrino, na bosi wa timu hiyo alikuwa Gino Bartali.

Bartali aliyekuwa akitunzwa na Coppi kwa maji mwaka 1940 ndiye angemtunza sasa. Hakuna aliyetegemea jezi ya pinki. Kwenye Giro asingekuwa tena mtu wa kugombea kumi bora, wala kumi bora ya pili. Lakini timu ilikuwa ya vijana, na kijana anayekaa meza moja na mtu aliyepanda Stelvio peke yake hujifunza mengi. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi halisi ya Coppi, na ilikuwa nafasi ya heshima.

Kabla ya hapo kulikuwa na safari moja ya Afrika.

MBU WA OUAGADOUGOU

Desemba 1959, Upper Volta, nchi ambayo leo ni Burkina Faso, ilikuwa mbioni kupata uhuru wake, uliokuja Agosti 1960. Sherehe za taifa hilo changa ziliandaliwa, na nyota wa baiskeli wa Ulaya wakaalikwa kuendesha mbio za maonyesho jijini Ouagadougou na baadaye kwenda kuwinda. Coppi alikuwemo, pamoja na Anquetil, Louison Bobet, Henry Anglade na rafiki yake Mfaransa Raphaël Géminiani.

Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja. Mbu walikuwa wengi.

Wakarudi Ulaya, kila mmoja kwao, kwa ajili ya Krismasi. Baada ya siku chache wote wawili walipandwa na homa kali, wakatetemeka, wakatapika. Mama yeyote wa Kilosa au Kisumu angewauliza swali moja: umetoka wapi?

Ufaransa, Géminiani alipoteza fahamu, hali ikawa mbaya sana. Lakini damu yake ilipimwa, wakaona vimelea vya malaria ya aina kali kuliko zote, akapewa kwinini. Akapona.

Italia, madaktari wa Coppi walishika njia ya mafua makali na matatizo ya mapafu. Inasimuliwa kwamba ndugu wa Géminiani walipiga simu kutoka Ufaransa kuwaambia kuwa ni malaria, wakajibiwa kwamba madaktari wa Italia wanajua kazi yao. Kwinini haikutolewa. Januari mosi Coppi alikimbizwa hospitali ya Tortona. Asubuhi ya Januari 2, 1960, akafariki.

Dawa ambayo ingemwokoa ilikuwa imejulikana Ulaya kwa miaka mamia. Kipimo kilichohitajika ni tone moja la damu kwenye kioo.

Maelfu ya watu walipanda vilima vya Castellania kumzika, wakiwemo waliomzomea. Alilazwa karibu na mdogo wake Serse. Tangu mwaka 1965, mlima mrefu kuliko yote katika kila Giro unaitwa Cima Coppi, yaani kilele cha Coppi, na anayefika wa kwanza hupewa zawadi yake. Mwaka 2019, alipotimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, kijiji chenyewe kilibadilishwa jina, sasa kinaitwa Castellania Coppi.

Bartali aliendelea na msimu wa 1960 bila mchezaji wake mkongwe. Alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 85. Géminiani, aliyelala chumba kimoja na Coppi na kuumwa na mbu wale wale, alifariki Julai 2024. Alikuwa na miaka 99.